Barua ya Fundi wa Mashine ya Alizeti

Juzi nilikuwa nasubiri kutoa kopi katika duka la steshenari mjini Singida, wakaingia mama mmoja na mzee mwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti. Mama amekuwa fundi wake kwa miaka tisa. Ameomba kwenda kufanya kazi Kanada, na barua ya mwajiri aliyotuma imerudishwa na maofisa wa uhamiaji wa huko.

"Wanasema haielezi kazi yangu," akamwambia mchapaji, akiiweka mezani.

Nilichungulia. Ilisema ni mcha Mungu, anaheshimu wakubwa na hajawahi kugombana na mtu.

"Sasa hapo uongo uko wapi?" mzee akauliza.

"Hakuna uongo, baba. Wanataka cheo, saa za kazi na ninachofanya kila siku."

Basi mama akaanza kutaja, mchapaji akichapa: anafungua mashine na kubadilisha beringi, anachuja mafuta, anapokea magunia ya wakulima, anafundisha kazi wafanyakazi wapya. Mzee aliitikia kila neno kwa kichwa. Walipofika ukurasa wa pili, kichwa kikatulia.

"Hayo yote unafanya wewe?"

"Ndiyo, baba."

Mzee akasoma tena, akasaini, akagonga muhuri kwa uangalifu. Kisha akamgeukia mchapaji.

"Nitolee nyingine. Futa jina lake, juu andika Nafasi za Kazi."

"Mnahitaji watu wangapi?"

Mzee akahesabu kwa vidole. "Watatu."

Natamani waajiri wadaiwe barua za namna hii hata kwa ajili yetu sisi tusiohama.