Siku Redio Alipofunga Mdomo

Mtaani walimwita Redio, na jina hilo hakupewa kwa bahati mbaya. Mtu huyu alikuwa haongei, alikuwa anatangaza. Akinunua viatu, mtaa mzima ulijua saizi ya mguu wake kabla hajavivaa. Akiumwa tumbo, majirani walipewa taarifa kamili, hata ile wasiyoihitaji. Mkewe, mwanamke wa maneno machache na macho makali, alishajipanga: jambo la siri nyumbani mwao lilizungumzwa baba akiwa hayupo.

Tangu ujana wake Redio alikuwa mchenjuaji wa dhahabu. Alichota kokoto za mtoni kwenye karai, akalizungusha majini taratibu, uchafu ukatoka kidogo kidogo mpaka zikabaki zile nzito za chini. Mikono yake ilikuwa mizuri kweli kwa kazi hiyo, hata waliochoshwa masikio naye walikiri. Lakini dhahabu alizopata zilikuwa za kunata kwenye ncha ya kidole, naye alizisimulia kama vile ni matofali. Ile moja kubwa, ambayo kila mchenjuaji huiota, haikumjia.

Wakati huohuo mto ulikuwa unakufa. Kule juu, shimo la zamani la mgodi wa kampuni lilivujisha maji ya rangi ya kutu. Huku chini, wachenjuaji akina Redio walichimbua kingo, wakamwaga zebaki, wakaugeuza mto kuwa uji wa tope. Kampuni iliwalaumu wachenjuaji, wachenjuaji wakailaumu kampuni, na samaki, ambao hawakualikwa kwenye mjadala, wakaondoka bila kuaga. Baada ya vikao vya kuchosha hata viti, wakakubaliana. Kampuni izibe shimo na kusafisha maji yake, wachenjuaji waache kingo zisawazishwe na kupandwa miti, halafu pande zote mbili ziupime mto kila mwezi.

Mwanzoni kila upande ulipima kivyake. Siku moja chupa ikarudi na maji safi mno, tena yananukia dawa ya bomba la mjini. Ya nani? Hakuna aliyeikubali, ikabaki mezani kama mtoto asiye na baba. Ndipo ikapitishwa kwamba kila kituo cha kupimia kiwe na watu wawili, mmoja wa kampuni na mmoja wa wachenjuaji, na hakuna kuchota maji mwenzako akiwa amekupa mgongo.

Redio akapangwa na dada wa maabara ya mgodi, binti mpole mwenye buti kubwa kuliko miguu yake. Miezi ya kwanza walichungana kama paka na muuza samaki. Baadaye wakazoeana, maana ni vigumu kumchukia mtu mnayesaidiana kubandua ruba miguuni. Dada alimfundisha kuhusu vijidudu vyenye mikia mitatu vinavyoishi chini ya mawe ya mtoni. Vile havivumilii uchafu. Vikionekana mahali, basi maji ya hapo yameanza kupona. Redio naye akaleta karai lake, maana kokoto zikizungushwa vizuri humo, hakuna mdudu anayejificha. Mwezi hadi mwezi walizungusha, na mwezi hadi mwezi hawakupata kitu.

Redio hakukata tamaa. Kila siku ya kupima, vituo vyote vilikutana darajani kutoa taarifa, na yeye ndiye aliyetangulia kwa sauti kusema hakuna. Lakini tangazo la siku wadudu hao watakapopatikana alikuwa nalo tayari. Alilifanyia mazoezi bafuni, na mkewe alilijua neno kwa neno bila kupenda.

Mkewe alikuwa na yake kwenye mto huo. Ndiye aliyesimamia kitalu cha miche, na ukingo wa kituo cha mumewe aliupanda kwa mikono yake, akaumwagilia kwa ndoo kiangazi kizima huku mgongo ukimlalamikia. Alichoogopa ni kimoja tu. Huko chini mtoni, mtu mmoja aliokota punje ndogo ya dhahabu, akamnong'oneza rafiki yake, na kesho yake ukingo mzima ulikuwa mashimo na miche imelala kifudifudi. Dhahabu ikisikika tena, alisema, mto huu tuusahau.

Basi asubuhi moja Redio akazungusha karai kama kawaida. Tope likatoka, mchanga ukatoka, na juu ya kokoto kikapita kijidudu, kikatikisa mikia yake mitatu. Kikafuata kingine. Akafungua kinywa kumwita dada, na hapohapo, chini ya wale wadudu, akaona njano.

Haikuwa ya kunata kidoleni. Ilikuwa nene, kama ncha ya kidole gumba.

Dada alikuwa ameinama akipambana na ruba. Mkono wa Redio haukusubiri ushauri wa kichwa. Ulifanya walichozoea kufanya wachenjuaji wa zamani kukwepa macho ya wenzao: ulitia ile dhahabu mdomoni na kuisukuma shavuni.

"Baba! Baba, tazama! Mikia mitatu!" Dada aliruka mpaka maji yakaingia kwenye buti. "Wapo! Wamerudi! Mbona husemi?"

"Mm," akasema Redio.

"Mm tu? Wewe?" Akamtazama vizuri. "Shavu limevimba. Ni jino?"

"Mm."

"Pole jamani! Leo daktari wa meno yupo zahanati ya mgodini. Twende na gari letu, dakika chache tu akuangalie."

Redio akatikisa kichwa mpaka kofia ikadondoka. Daktari wa kampuni kumpanua mdomo na kukuta dhahabu ndani! Hiyo ingekuwa habari ambayo hata yeye asingeweza kuitia chumvi.

Njia nzima kuelekea darajani dada alimpa pole, naye alibishana na nafsi yake. Aliwaza bati jipya. Aliwaza mgongo wa mkewe ukipumzika. Aliwaza, tuseme ukweli, sura za wenzake wakisikia kwamba Redio ndiye aliyeipata. Akasema moyoni ataiuza mbali, kimya kimya. Halafu akachekea puani. Kimya kimya, yeye? Alijijua. Jumatatu angemwambia kinyozi kwa siri, na Jumanne majembe yangekuwa kwenye miti ya mkewe.

Darajani watu walikuwa wamejaa. Kituo cha kwanza, hakuna. Kinachofuata, hakuna. Ilipofika zamu yao dada aliinua chupa yenye wadudu, akasema, "Hili atalitangaza baba mwenyewe. Amelisubiri sana."

Mke wa Redio alikuwa mbele na ndoo yake, akamtazama usoni. Redio akafungua midomo kidogo, akaifunga.

"Redio imeisha betri!" mtu akapaza sauti, watu wakacheka.

"Jino linamsumbua," dada akamtetea. "Basi nitasema mimi..."

Redio akainua mkono kumzuia. Kwa yote aliyoyakosa maishani, hili hakuwa tayari kulikosa. Akaenda ukingoni mwa daraja, upande wa kina, akainama kama mtu anayetema mate. Alikaa hivyo kwa muda. Ilimuuma, ilimuuma kweli, machozi yakamtoka. Kisha akatema.

Akageuka, akajifuta mdomo, akavuta pumzi.

"Waungwana!" Sauti ilisikika mpaka kitaluni. "Wapo! Wana mikia mitatu, wazima, wanacheza! Mto huu haujafa!"

Watu walipiga kelele. Watu wa kampuni waliwakumbatia wachenjuaji waliowaita wezi mwaka juzi. Mkewe alikaa chini juu ya ndoo yake, akalia bila kujificha.

Wakati wa kurudi nyumbani walitembea wawili tu.

"Jino gani hilo?" mkewe akauliza. "Upande huo huna hata moja."

Redio akamweleza yote, kwa sauti ya chini ambayo mkewe hakujua kama mumewe anayo. Mkewe akasimama.

"Kubwa kiasi gani?"

Akamwonyesha ncha ya kidole gumba. Mkewe alikishika kidole kile, akakitazama kwa muda mrefu, kisha akageuka kuitazama miti yake kule ukingoni.

"Na ulitema mwenyewe?"

"Nilitema."

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu, mama."

Mkewe hakukiachia kile kidole. Walipita hivyo mtaani, wameshikana mbele ya watu, na kinyozi akatoka mlangoni kuuliza kulikoni, leo kuna habari gani mpya.

"Hakuna," akasema Redio, akaendelea na safari.