Mwalimu Aliyeisubiri Okestra

Jirani yangu wa ukutani amefariki. Ametuacha juma lililopita, asubuhi, katika hospitali moja ya kusini mwa Landani, binti yake akiwa kando ya kitanda. Nyinyi wasomaji wangu wa siku nyingi huenda mnamkumbuka, maana nimewahi kumtaja hapa, tena kwa kumlalamikia: yule Mfilipino ambaye piano yake ilikuwa ikiniamsha kila Jumapili, siku ambayo hata Waingereza wenyewe hulala. Mlinicheka wakati ule, na mmoja wenu akaniandikia kwamba kama sipendi muziki nihame. Sikuhama. Jumapili hii nimeamka mwenyewe, nikakaa kitandani nikisikiliza, na upande wa pili kimya. Nimeumia, siwafichi. Sikujua kwamba mtu anaweza kumzoea jirani mpaka akaukosa hata usumbufu wake.

Alikuwa mtunzi wa muziki na mwalimu wa muziki. Nimetanguliza utunzi makusudi, kwa sababu hapa Landani watu wote walipomtaja walianza na ualimu na wengi wakaishia hapo hapo. Kwao, kabla ya kuja huku, alifundisha katika chuo cha muziki, na nyimbo alizozitunga ziliimbwa mashuleni na makanisani. Mkewe alikuwa nesi, akapata kazi Landani, naye akamfuata na mtoto mchanga mkononi. Vyeti vyake vikawa karatasi tu. Kisa hicho nakijua vizuri, kwani sisi tuliotoka Unguja baada ya mapinduzi tulipitia mlango huo huo: mwalimu akawa karani, karani akawa kondakta wa basi, na kila mmoja akawa na cheti ukutani ambacho hakuna mwajiri aliyetaka kukisoma. Yeye akaanza kufundisha watoto piano majumbani mwao. Wanafunzi wake wengi walikuwa Queensbury, ng'ambo kabisa ya jiji ukitokea kwetu Thamesmead, safari ya basi, kisha treni, kisha treni nyingine. Kule waliishi Wahindi waliotoka Mombasa, Kampala na Dar es Salaam, na kina mama wao walikuwa wakisema Kiswahili mbele yake kila walipotaka kumsengenya kidogo, wasijue kuwa keshakiokota. Siku moja mama mmoja alimwambia mwenziwe kwamba mwalimu huyu ni mzuri, tatizo viatu vyake vimechoka. Bila hata kugeuka, vidole vikiwa bado juu ya piano, akajibu kwa Kiswahili, "Vimechoka, lakini vinafika." Yule mama, aliponihadithia mwenyewe miaka baadaye, alikuwa bado anafunika uso kwa mtandio.

Urafiki wetu sisi wawili ulianzia kwenye wali. Niliugonga ukuta Jumapili moja, nikaugonga kwa hasira kweli kweli, piano ikanyamaza, na baada ya muda mlango ukabishwa. Nilijiandaa kwa ugomvi. Nikafungua, nikamkuta kijibwana kifupi, kipara kinang'aa, ameshika sufuria ya wali na vipande vya kuku juu yake. "Samahani," akasema, "nimesahau kwamba majirani wanalala." Sasa utamgombeza vipi mtu aliyekuletea wali? Nikala, na kwa desturi zetu chombo cha watu hakirudi kitupu, kwa hiyo nikakirudisha na mchuzi wa papa. Kumbe na kwao desturi ni hiyo hiyo! Akakileta tena na tambi, nami nikakirudisha na maandazi. Wallahi sufuria ile imetembea baina ya milango yetu mpaka mpini ukalegea, na hatukujua tena ni ya nani.

Hadithi yake nyingine niipendayo ni ya kwaya. Katika jengo letu anaishi nesi mmoja wa Kikenya, mama wa makamo, mwepesi wa ulimi na wa kucheka, ambaye ndiye kiongozi wa kwaya ya kanisa lao hapo mtaani. Wanakwaya wengi ni manesi na watunzaji wa wazee, watu wanaotoka zamu na kwenda moja kwa moja mazoezini. Alimwomba jirani yetu awafundishe, akakubali kwa furaha, akawaandikia wimbo mzuri na kuwagawia nakala, nota zimepangwa juu ya mistari mitano kama zinavyoandikwa kote duniani. Alipowauliza kama wanazielewa, wakasema kwa pamoja, "Ndiyo, Mwalimu." Akawapigia kwenye kinanda, wakaimba, na wakaimba vizuri mno, macho kwenye karatasi. Alikuja kwangu anameremeta, akaniambia kwamba miaka yote aliyokaa Landani hakupata kuona watu wanaosoma nota haraka kiasi kile.

Bwana we, hawakuwa wakisoma chochote. Kwao wamelelewa na solfa, zile do-re-mi zinazoandikwa kwa herufi ubaoni, na mistari mitano ile kwao ilikuwa kama waya za kuanikia nguo. Walikuwa wakisikiliza anavyopiga, wakishika kwa masikio, na kushikilia karatasi kwa heshima. Mambo yalikuja kufichuka siku alipogawa kwa bahati mbaya karatasi za wimbo mwingine kabisa, wa watoto wa Queensbury. Kwaya ikapokea, ikashukuru, ikazitazama kwa makini, na ikaimba wimbo wa wiki iliyopita kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukosea. Wengine walifungua hata ukurasa wa pili pale walipoona panafaa kufunguliwa. Mwalimu akaacha mikono hewani. "Mbona hamkuniambia?" akauliza. Wakatazamana, kisha yule kiongozi akasema, "Mwalimu, ulikuwa umefurahi sana. Tungekuambiaje?" Mtu mwingine angekasirika. Yeye alikaa juu ya kiti cha kinanda akacheka mpaka akatoa miwani, kwa sababu, aliniambia baadaye, na kwao ni vivyo hivyo: mtu atakubali lolote kuliko kumvunja moyo mwalimu wake. Akaenda akajifunza solfa, yeye mwalimu wa chuo, na tangu siku hiyo akawa anawaandikia kwa herufi.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililomkaa rohoni, na bila ya kulieleza hilo nitakuwa sijasema kitu. Alikuwa na kazi yake kubwa. Ilikuwa mfululizo wa nyimbo za kwaya na okestra, kwa lugha ya mama yake, juu ya msimu wa mavuno ya mpunga katika mji alikozaliwa. Aliianza kabla hajaondoka kwao, na hiyo ndiyo piano iliyokuwa ikiniamsha Jumapili, siku pekee isiyokuwa na wanafunzi. Kazi ile haikupata kusikika hata mara moja. Aliwahi kuipeleka kwa wakubwa wa muziki wa hapa, wakamjibu kwa adabu, na adabu ya Waingereza mnaijua. Basi akaiweka. Nilipomuuliza, alisema inasubiri okestra: fidla, filimbi, ngoma kubwa, na waimbaji waliosomea. "Sitaki ifike duniani ikiwa kilema," aliniambia. Nilimwelewa kabisa, na hilo ndilo linaloniuma leo. Mkewe alifariki akiisikia kupitia mlango wa chumba tu.

Kisha akaugua mapafu, na madaktari hawakumzungusha, wakamwambia wazi kwamba haponi. Yule nesi alikwenda kumjulia hali, nami nilikuwepo nimekaa na kikombe changu. Akamwambia, "Mwalimu, ile kazi yako kubwa, tupe tuimbe." Alaa! Sijapata kumwona jirani yangu katika hali ile. Mtu mpole yule alisimama, akakohoa, akamwambia kuwa kazi ile si ya kwaya ya manesi waliochoka, wenye kinanda cha umeme kisichofanya kazi nusu ya vitufe vyake na kayamba mbili. Alimwambia kwamba hajasubiri maisha yake yote ili waje kuiimba watu wanaoshika kwa masikio. Nilitazama chini. Mama wa watu alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga koti lake, akasema taratibu, "Ni kweli, Mwalimu, hatujui. Lakini hao wanaojua hawajakuja. Sisi ndio tuko." Akaondoka na akafunga mlango vizuri nyuma yake.

Nimeyafikiri sana maneno yale, kwa sababu sisi tulio ughaibuni ni mabingwa wa kuweka. Nenda nyumba yoyote ya Mzanzibari hapa utaona masanduku juu ya kabati, yamewekewa siku ya kurudi. Utaona vikombe vizuri nyuma ya kioo, vimewekewa wageni ambao hawajulikani ni kina nani. Yupo mwenzetu ana nyimbo za harusi za bibi yake, zote kichwani, anasema atawafundisha wajukuu watakapokwenda Unguja, kwani Landani si pahala pake. Na hadithi zetu wenyewe za jinsi tulivyotoka, nani kazisimulia? Tunasubiri watoto wakue, wakikua tunasubiri wajue Kiswahili vizuri zaidi, na wao wanatusikia vyema tu na kutujibu kwa Kiingereza, kisha wanachukua funguo za gari na kwenda zao. Binti wa jirani yangu alikuwa hivyo hivyo. Aliletwa mchanga, akakulia hapa, anafanya kazi mjini katika maofisi ya vioo, mtoto mwema anayekuja kumwona baba yake na mboga kila wiki. Baba alisema naye kwa lugha yao, yeye alishika nusu tu, akajibu kwa lugha ya hapa. Alijua baba yake anafundisha piano. Ile kazi kubwa aliiita "mambo ya Baba ya Jumapili".

Baada ya nesi kuondoka, siku kadhaa zikapita bila sauti. Halafu ukutani nikaanza kusikia piano, vipande vidogo vidogo, na kikohozi katikati. Alikuwa anaigeuza kazi yake yote kuwa solfa. Palipokuwa na fidla akaweka wanawake wakivumisha midomo imefumbwa, palipokuwa na ngoma kubwa akaweka miguu, na kayamba nazo zikapata kazi. Alikwenda mazoezini akiwa amemshika yule nesi mkono. Hakuomba radhi kwa maneno, lakini aliwaletea sinia zima la wali wa kukaanga, na wenyewe wakaelewa. Sharti lake lilikuwa moja: hakuna kuimba neno usilolijua. Kila mstari aliwafasiria, akawaeleza nani anasema na anamwambia nani, mpaka manesi wale wa Kisii na Machakos wakawa wanaujua mji wa mama yake kama waliozaliwa huko.

Waliiimba alasiri ya Jumamosi, ukumbini pale kanisani. Walikuja Wafilipino, walikuja kina mama wa Queensbury na watoto wao ambao sasa wana ndevu, na sisi Waunguja tukakaa nyuma karibu na chai. Sitawadanganya kwamba ilikuwa safi. Besi walipotea katika wimbo wa pili, mtoto mmoja alilia mpaka akatolewa nje, na kinanda kilifanya kile ambacho Mwalimu alisema kitafanya. Yeye alikaa kwenye kiti mbele, anaongoza kwa mkono mmoja. Binti yake alikaa kando yangu. Katika wimbo wa mwisho sauti zilishuka, wanawake peke yao, kama mtu anayeita kutoka dirishani, na nikaona yule binti ameinama mbele. "Wanasema nini?" akaninong'oneza. Nikamwambia mimi sijui. Ulipokwisha alikwenda moja kwa moja kwa yule nesi, hata makofi hayajaisha, akamuuliza.

"Hapa ni mama anawaita watoto waje kula wali kabla haujapoa," nesi akamwambia. "Anawaita mmoja mmoja kwa majina ya nyumbani. Hili la mwisho ni la kitinda mimba, anamdekeza. Ni baba yako huyo, mpenzi. Hukujua?"

Hakujua. Alisimama pale, amezungukwa na wanawake wa Kiafrika wanaolijua jina la utotoni la baba yake, jina ambalo yeye hakuwahi kulisikia. Kisha akaenda akachutama mbele ya kile kiti na kumwambia baba yake alitamke. Akalitamka. Akajaribu yeye, akalikosea, baba akamsahihisha, akajaribu tena. Wakaendelea hivyo, neno hili na lile, wanauliza na kujibiana, mpaka mwenye funguo za ukumbi akaja, akawatazama, akaketi kuwangoja. Mimi, mtu mzima, nilikwenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.

Hakukaa sana baada ya siku ile. Binti amenisimulia kwamba asubuhi ya mwisho alimwita "Baba", mara nyingi, na mzee hakufumbua macho. Ndipo akamwita kwa jina lile aliloitwa na mama yake utotoni, mzee akafumbua, akamtazama, akatabasamu, kisha akaondoka.

Basi ndugu zangu, kama mna lenu mliloliweka mpaka mambo yakae sawa, litoeni hivyo hivyo, liwe na kasoro zake, mbele ya hao mlio nao. Bila wale manesi wa Thamesmead na kinanda chao kibovu, yule binti angekaa kando ya kitanda kile na asiwe na jina la kumwita.