Tangi Lililokosa Pumzi

Elirehema alijifunzia ufundi katika karakana ya shamba la mkonge, kwenye matrekta na malori ya zamani. Shamba lilipofungwa alirudi kwao Maore, akafungua gereji kando ya barabara. Ni miaka ile magari ya mtumba ya Kijapani yalipoanza kumiminika nchini, yamejaa mipira na nyaya ambazo yeye hakuwahi kuzigusa.

Jirani yake Anthony alikuwa nalo moja, alilolinunua kwa kiinua mgongo chake ili abebe abiria wa Same. Kiangazi kile likaanza kuzimika njiani. Elirehema alibadilisha chujio la mafuta, akasafisha plagi, akalizungusha kijijini. Likanguruma vizuri.

"Limepona," akasema.

Jumamosi moja asubuhi mke wa Anthony, Esta, akashikwa na uchungu, na mtoto alikuwa amelala kingamo tumboni. Hospitali ya jirani haikuwa na mpasuaji.

"Mwahisheni Same," mkunga akawaambia. "Na mbebe glavu zenu. Siku hizi mgonjwa anakwenda na vyake."

Anthony akamwomba Elirehema afuatane nao, ikiwa gari litaleta ukorofi.

Lilileta. Hawajafika kijiji cha Kisiwani likakohoa, likazima katikati ya vumbi. Elirehema akafungua boneti. Plagi zilikuwa safi, waya wa pampu ulikuwa umeshika. Alipokuwa bado anapapasa, Anthony akajaribu ufunguo, likawaka. Mbele kidogo likazima tena. Esta, amelala kiti cha nyuma, alikuwa ameacha kulia. Sasa aliuma tu ncha ya kanga.

"Fundi, fanya kitu," Anthony akasema.

"Nafanya, kaka." Lakini mikono yake ilikuwa inarudia yale yale, kama mtu anayetafuta ufunguo katika mfuko aliokwisha kuupekua. Barabara ilikuwa tupu pande zote mbili.

Lilipozima mara ya tatu akadhani huenda mafuta yamekwisha. Akafungua kifuniko cha tangi. Tangi likavuta hewa kwa nguvu, fyuuu, kama mtu aliyezamishwa majini akaibuka. Mafuta yalikuwemo, tele. Elirehema akabaki ameshika kifuniko.

"Washa!"

Likawaka papo hapo. Ndipo alipoelewa: tangi lilikuwa limezibwa mahali pake pa kupumulia, na pampu haikuweza kuvuta mafuta kutoka ndani ya kitu kisichoingiza hewa. Likisimama kitambo, hewa hupenya kidogo kidogo, ndiyo maana lilikuwa likiwaka tena na kumdanganya. Akaziba mdomo wa tangi kwa kitambaa kilicholegea, wakaenda bila kusimama hadi Same, harufu ya petroli imejaa garini na Esta akitapika dirishani.

Esta alipona. Mtoto, wa kike, hakupona.

Jumatatu Elirehema aliingia chini ya gari, akafuata mpira kutoka kwenye tangi hadi kwenye kopo jeusi lenye mkaa ndani, linalonasa mvuke wa petroli. Tundu lake la kuingizia hewa lilikuwa limeziba kwa vumbi jekundu, gumu kama udongo wa chungu. Alilichokonoa, mkaa uliosagika ukammwagikia kifuani. Kopo jipya halikupatikana Same wala Moshi. Akaliondoa, akaunganisha mpira uelekee juu, mbali na ekzosi, mdomo wake ameufunika kwa kipande cha sponji. Gari halikuzima tena.

Anthony alipokuja kulichukua hakuuliza habari ya kopo.

"Tungefungua kile kifuniko pale mwanzo," akasema, "angekuwepo?"

"Daktari alisemaje?"

"Alisema hajui."

 Elirehema alikuwa na majibu ya pampu, ya plagi, na sasa hata ya kopo la mkaa.

"Na mimi sijui, kaka," akasema.

Anthony akaitikia kwa kichwa, akaingia garini. Esta alikuwa anaruhusiwa siku hiyo, na mumewe alitaka kumfikia kabla jua halijawa kali.