Ngamia Hana Nyongo

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye machinjio ya Lodwar, Daktari wa Mifugo hakunipa kiti. Alinipa kisu, akanisogezea maini ya mbuzi. "Mkaguzi wa nyama haamini mtu," alisema. "Geuza." Nikageuza. Upande wa chini kulikuwa na uvimbe mweupe, mkubwa kama yai. Tangu siku hiyo sili nyama ya karamu bila kuigeuza, na wakwe zangu wamenichoka.

Uvimbe ule ni mfuko wa maji wa tegu, mnyoo bapa mdogo kuliko punje ya mchele, anayeishi kwenye utumbo wa mbwa. Mayai yake hutoka na kinyesi. Mifugo huyala pamoja na majani, na mtu huyameza kwa mikono iliyomshika mbwa. Mwilini mfuko hukua polepole, kwa miaka. Lakini tegu hazai sawasawa kwa kila mnyama anayemhifadhi. Kwa ng'ombe wetu, mara nyingi mfuko hubaki tasa, maji matupu. Kwa ngamia, mara nyingi maji huwa na kitu kama mchanga mweupe, na kila chembe ni kichwa cha tegu kinachongoja kuliwa na mbwa. Kwa hiyo kazi yetu kubwa ilikuwa kujua mbwa wanakula maini ya nani.

Ndiyo maana nilihamishiwa Kakuma, maana watu wa huko waliokuja Lodwar kupasuliwa matumbo walizidi. Nyama ya ngamia iliuzwa zaidi na Mama Nakiru, mjane mcheshi ambaye hakuna aliyemsema vibaya. Kila nilipoomba maini ya ngamia aliniletea vipande, kamwe si ini zima, na kila uvimbe niliopasua ulikuwa tasa. Mwingine angefurahi. Mimi nilikosa raha. Nilianza kushuku vipande, nikashuku kicheko chake, nikashuku hata chai aliyonikaribisha.

Asubuhi moja niligeuza kipande nikaona doa la kijani. Aliyekikata alikuwa ameondoa nyongo kwa uangalifu, kama afanyavyo mpishi yeyote ili nyama isiwe chungu, lakini alama yake ilibaki.

"Mama," nilimwambia, "ngamia hana nyongo. Huyu ameipata wapi?"

Hakucheka. Alitazama uani, alikokuwa amelala Akai, binti yake, aliyerudi juzi kutoka hospitali akiwa na mshono mrefu tumboni. Mbwa wa nyumbani alikuwa amelaza kichwa miguuni pake, na kando yake palikuwa na mabaki ya maini.

"Hiyo ni ya ng'ombe, daktari," alisema. "Nikionyesha wewe ile ya ngamia, utasema ni mimi nilipea mtoto yangu hii ugonjwa."

Nilitaka kumwambia si yeye. Sikuweza, kwa sababu nilikuwa nimeshamwona mbwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na siku ile niliichukia methali hiyo.

Bosi wangu, yule Daktari wa Mifugo, alipopata habari aliagiza duka la Mama Nakiru lifungwe. Nilimwambia tukilifunga atachinjia porini, na huko hatutageuza chochote. Kwenye simu aliniuliza mara mbili kama mama huyo amenipa kitu, nami nikajua ananishuku. "Basi achimbe shimo la kutupia maini, lenye kifuniko, na mbwa wote wapewe dawa," alisema mwishowe. "Ukinidanganya, nitakugeuza wewe."

Sasa nimestaafu, naishi Lodwar, na vijana wananiuliza kazi ile ilinifunza nini. Kushuku, nawajibu. Nako ni ugonjwa, maana hata salamu naipima. Juzi nilikuwa kwenye matatu kuelekea Kalobeyei, nikashuka Kakuma. Akai ndiye muuzaji siku hizi. "Ejok," tukasalimiana kwa Kiturkana. Kabla sijanyoosha mkono aligeuza ini zima la ngamia mbele yangu, akanionyesha uvimbe, akamwita mama yake.

Mama Nakiru amezeeka, anatembelea fimbo. Hakunitazama. Alilibeba ini mwenyewe hadi shimoni, akalitupa, akafunika. Mbwa wakamzunguka. Akakaa juu ya kifuniko, fimbo mapajani, na alikuwa bado amekaa pale nilipoondoka.