Siku Ishirini na Saba za Mtungi wa Priscah

Saa moja na robo asubuhi, Priscah Wamucii anakiamsha kifaa. Hakihitaji chai wala kubembelezwa. Anakibonyeza kwa kidole gumba mpaka taa ndogo ya kijani ikonyeze, anakizungushia kitambaa, kisha anakilaza katikati ya kasha la dawa, mbali na barafu.

"Ukikilaza juu ya barafu, kitasema wote humu ndani wamekufa kwa baridi," anasema, akikandamiza kifuniko kwa goti.

Kifaa chenyewe ni kidogo kama kiberiti. Hupima joto kila baada ya dakika kumi safari nzima na kulihifadhi. Dawa ikifika, kifaa huchomekwa kwenye kompyuta, nayo kompyuta huchora mstari. Hapa kwenye stoo ya dawa ya Fatuma Osman, mjini Eldoret, wanakiita loga. Insulini hutakiwa isafiri kati ya nyuzi mbili na nane. Mstari ukipanda zaidi ya hapo, mzigo unarudishwa, na Priscah anakalishwa kitini aeleze walikuwa wamepitia wapi.

Leo Jumatano ni zamu ya zahanati ya mji mdogo wa Ziwa. Ila leo Priscah, mwanamke wa miaka hamsini na minane, ana loga mbili. Moja imo ndani ya kasha. Ya pili imo kwenye mkoba wake, imeshasimamishwa, na taa yake imezibwa kwa plasta ya kidonda. Hiyo haihusu dawa ya mtu yeyote aliye hai.

"Umeangalia?" Fatuma anamuuliza mlangoni.

"Sijaangalia."

"Hata kidogo, Mama?"

"Fatuma, kama ningekuwa nimeangalia, ungenikuta hapa nikifunga makasha?"

Priscah aliingia kazi hii ya kusindikiza dawa miaka minne iliyopita, kwa shilingi mia saba kwa siku, magoti yake yalipogoma kuzungusha maziwa mitaani. Wiki ya kwanza alikabidhiwa loga na kuambiwa ni kitu cha thamani, akitunze. Naye akakitunza mahali anapotunza kila kitu cha thamani: kifuani, ndani ya sidiria. Walipofika Ziwa na kukichomeka, kikatoa nyuzi thelathini na tano, saa nzima na zaidi, bila kutikisika.

"Nikampigia simu nikamuuliza, 'Mama, hii dawa iko na malaria?'" Fatuma anasimulia, akishika meza kwa kicheko. Mzigo ulirudishwa, na hasara ikawa yake. Kwa nini hakumfukuza? "Ningemfukuza saa ngapi? Nilikuwa bado nacheka."

Priscah naye alicheka, akacheka mpaka akafika nyumbani, mtaa wa Kapsoya, akaketi kitandani na viatu vyake. Ilikuwepo dawa nyingine aliyowahi kuibeba pale pale kifuani.

Ilikuwa Januari ya 2008. Matokeo ya uchaguzi yalikuwa yametangazwa, nyumba zilikuwa zinawaka, na yeye na mumewe, Mburu, waliondoka kwao na nguo walizovaa. Mburu alikuwa na ugonjwa wa sukari.

"Watu walibeba magodoro. Jirani mmoja alibeba mlango, sijui alikuwa anaenda kuufunga wapi," anasema Priscah. "Mimi nilibeba chupa mbili za insulini na sindano."

Walitembea usiku kucha, chupa zikiwa kifuani mwake, na asubuhi wakaingia uwanja wa maonyesho wa Eldoret pamoja na maelfu ya wengine. Walipewa hema la turubai. Usiku lilikuwa na baridi ya kugonganisha meno. Mchana, ndani yake ungeweza kuivisha ndizi. Friji ya dawa haikuwepo. Hata mahali pa kuulizia friji hapakuwepo.

Siku hiyo hiyo akatokea Adoyo, mama aliyekuwa akiuza dagaa wa omena kando ya kibanda cha maziwa cha Priscah sokoni. Alisimama nje ya ua wa kambi na mtungi wa udongo kichwani, ndani amejaza sukuma wiki. Akaupitisha juu ya ua.

Sukuma wiki iliisha jioni ile. Mtungi ndio uliobaki na kazi. Priscah alichimba shimo ndani ya hema, akauzika mpaka shingoni, akautia mchanga, na kila siku akaulowesha kwa vikombe viwili vya maji kutoka kwenye mgao wao wa kunywa. Chupa zikalala humo. Alizitoa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, akamdunga Mburu na kuzirudisha.

Mburu alianza kukohoa wiki ya tatu. Tarehe 29 Januari, siku ya ishirini na saba tangu mtungi uzikwe, akafariki. Kwenye cheti waliandika neno moja: sukari.

Dada yake Mburu, Nyakio, alikuja kutoka Ol Kalou kuuchukua mwili. Aliinama kwenye hema, akatia mkono mtungini, akatoa chupa na kuiangalia kwenye mwanga.

"Wewe ulikuwa unamdunga maji," akasema.

Insulini iliyokufa kwa joto yaweza kufanana kabisa na iliyo hai, kwa hiyo Priscah hakuwa na la kuonyesha. Mburu alizikwa Ol Kalou, shambani kwa Nyakio, kwani wao hawakuwa tena na shamba. Udongo ulipokwisha kusawazishwa, Nyakio alimwambia wifi yake asikanyage tena langoni pale. Hajakanyaga. Miaka kumi na saba hajaliona kaburi la mumewe.

"Watu wangu walisema ananisingizia," anasema Priscah. "Mimi niliona ameuliza swali. Jibu ndilo sikuwa nalo. Nimelala na hilo swali upande wa Mburu wa kitanda, na linakoroma kuliko yeye."

Basi tangu siku ya sidiria wazo lilimkaa. Kama kile kidude kilijua kuwa kimelala kwenye maziwa ya mwanamke mzee, kingeshindwa nini kujua mtungi ulikuwa na joto gani? Lakini kuuliza kunahitaji moyo, na moyo ulikuja Desemba iliyopita. Fatuma alimpa loga iliyokaribia kuisha betri, ambayo ingetupwa.

Tarehe 2 Januari mwaka huu, uani kwake Kapsoya, Priscah alisimamisha turubai jeupe, akachimba shimo na kuuzika mtungi ule ule. Loga akaifunga kwa nailoni na kuilaza mahali pa chupa. Taa yake ina rangi mbili, kijani kwa heri na nyekundu kwa shari, kwa hiyo akaiziba macho kwa plasta asije akachungulia.

Adoyo, ambaye siku hizi ni jirani yake, alitokeza kichwa juu ya ua.

"Priscah! Umeanza kufuga nyoka?"

"Nafuga Mburu."

Adoyo akanyoosha shingo. Akauona mtungi. Akazunguka, akaingia, akasimama karibu.

"Maji ndiyo hayo tu? Si nikuletee mpira?"

"Kambini kulikuwa na mpira?"

"Hakukuwa."

"Basi ni vikombe viwili."

Ikawa hivyo siku zote ishirini na saba. Asubuhi na jioni Priscah alitambaa ndani ya hema, akafungua mtungi, akatoa loga, akaishika kwa muda ambao sindano ingechukua, akairudisha. Adoyo alimwona mara kadhaa akikawia humo ndani kuliko sindano yoyote.

Vipimo vikafika elfu tatu mia nane themanini na nane. Leo alfajiri Priscah ameisimamisha loga na kuitia mkobani, na sasa gari la Fatuma, Probox, linamshusha Ziwa, mbele ya zahanati ambako Wepukhulu, mfamasia, anapokea dawa.

Kazi kwanza. Wepukhulu anachomeka loga ya kasha: nyuzi nne, nyuzi tano, mzigo safi. Anatia sahihi. Priscah haondoki. Anafungua mkoba na kuibandua ile plasta akiwa ameangalia ukutani, kwenye bango la chanjo.

"Na hii," anasema. "Hii ni ya mzee wangu." Anamweleza yote kwa dakika tano, huku wagonjwa wawili kwenye benchi wakisahau kuumwa.

Wepukhulu anachomeka. Mstari unajichora, unapanda mchana na kushuka usiku, vilima vidogo vidogo ishirini na saba. Anausoma wote mpaka mwisho.

"Mama, keti."

"Nisomee nikiwa nimesimama."

"Ilipanda sana siku ya kumi na moja, saa tisa mchana. Digrii ishirini na nusu. Haikuwahi kupita hapo. Chupa ikishafunguliwa tunawaambia watu waiweke chini ya ishirini na tano, waitumie wiki nne. Wewe hukufikisha nne."

"Na ule usiku wa kifuani?"

"Usiku mmoja hauiui."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kwa nini mzee alifariki, siwezi kukuambia. Sikuwepo. Kilikuwepo kikohozi, baridi, njaa. Lakini mtungi wako ulifanya kazi yake. Hukuwa unamdunga maji."

Priscah anaketi sasa. Anautazama ule mstari, akifuata kilima kimoja baada ya kingine kwa kidole, mpaka cha mwisho.

"Nilidhani nitafurahi," anasema. "Unajua miaka hii yote nikimkumbuka Mburu nilikuwa nakumbuka chupa? Usiku nafikiria chupa, kanisani nafikiria chupa. Sasa chupa imeondoka. Amebaki yeye peke yake, na hayupo."

Anajifuta uso kwa leso. Kisha kitu kinamjia, na mtu hajui kama analia bado au anacheka.

"Alikuwa mwizi wa mandazi," anasema. "Daktari alimkataza, basi anayaficha ndani ya gamubuti. Namuuliza, 'Baba, mguu wako unanuka iliki?' Ananiangalia na ule uso wake wa shemasi. Nilikuwa nimesahau. Wallahi nilikuwa nimesahau huo uso."

Anamwomba Wepukhulu nakala mbili za mstari. Moja ni yake. Nyingine, Jumamosi, ataipeleka Ol Kalou. Hajapiga simu na hapigi. Anasema mtu hukataliwa haraka zaidi kwa simu. Atapanda gari la saa kumi na mbili, na kabla ya kupanda atanunua mandazi matatu ya iliki.

Moja litawekwa kaburini, maana sukari haimfanyi tena kitu. Moja ni lake.

Na la tatu?

"La Nyakio, akifungua lango. Asome karatasi, ale, aniambie yeye anamkumbuka vipi. Walikua pamoja, ana mengi ambayo mimi sina."

Asipofungua je?

"Nitakaa pale nje mpaka atoke kuuliza ni nani anakula mbele ya nyumba yake."