Pai ya malenge niliyomwokea ndugu yangu wa majuu, na sahani iliyorudi

Wakuu, sasa.

Ninachoandika hapa ni ukweli. Kuna uwongo mmoja tu ndani, na nitauonyesha mwenyewe tukifika.

Mimi ni mtu wa nyumba. Nashona mapazia kwa chumba changu hapa Kileleshwa, na safari yangu ndefu ni kushuka gate kununua nyanya. Form four nilitoka na D ya home science, kwa hivyo mjue mnasoma mapishi ya nani.

Mdogo wangu Wafula alikuja kutoka Amerika na mke wake. Wakakodi nyumba Spring Valley, hapo tu karibu. Wiki ikapita sijaona hata kivuli. Nyumbani Bungoma ndio kabisa, alisema hatafika, time ni fupi.

Mama hakulalamika. Alituma malenge moja kubwa na shuttle, akanipigia: "Nekesa, huyo mtoto asipande ndege kabla hajala kitu cha shamba yangu."

Nikampigia Wafula. Akacheka. "Sis, malenge ya kuchemsha na chai? Bado mko hapo? Huko sisi tunakula pumpkin pie."

"Nikikuokea hiyo pai utakuja?"

"Ukiiweza, Sunday niko kwako. Promise."

Hapo ndipo ujinga wangu ulianzia.

Oven sina. Nina sufuria kubwa: mchanga chini, makaa juu ya kifuniko, vile tulikuwa tunaoka keki za Krismasi. Mchanga niliomba kwa site ya ujenzi ng'ambo ya barabara. Fundi akaniuliza, "Madam, unajenga?" Nikamwambia niko foundation. Jiko nikapandisha juu kwa roof, penye watu huanika nguo.

Mwanamke wa YouTube alisema unga wa pai usikandwe. Sasa wakuu, mimi nimelelewa kwamba unga unakandwa mpaka bega liume, ndio chapati iwe laini. Nikasema huyu ni mvivu tu. Nikakanda. Nikaupumzisha. Nikakanda tena.

Nusu ya malenge nikachemsha, nikaponda, nikatia mayai, maziwa, sukari. Mdalasini sikuwa nao, nikamwaga tea masala, kwa sababu nyuma ya pakiti mdalasini umeandikwa. Pilipili manga pia imeandikwa, lakini hapo sikusoma.

Jirani yangu Auma, aliyekuwa anaanua nguo zake kwa hasira ya moshi, ndiye alionja. Kisu kilikataa kuingia. Katikati ilikuwa maji. Masala ikamshika koo, akakohoa mpaka machozi.

"Nekesa, hii ni pai ama ni soli? Mgeni asipokuja, peleka kwa fundi wa viatu."

Nilicheka naye. Nilipobaki peke yangu sikucheka, kwa sababu malenge ya mama ilikuwa imebaki nusu, na nyingine haikuwa njiani.

Jumapili nikarudia. Malenge nikaichoma badala ya kuchemsha. Unga nikaugusa kidogo tu, kama mtoto wa wenyewe. Mdalasini alinipa Auma. Nikaokea kwa sahani ya enamel ya mama, ile ya maua mekundu tuliyokula nayo mimi na Wafula mpaka ikabanduka pembeni. Nilitaka aione.

Wakuu, ilitoka. Auma aliizunguka hiyo pai bila kupata tusi.

Nikatoa mapazia ya wateja kwa viti, nikapika chai, nikangoja. Chai ikapoa. Simu ikaja.

"Sis, tumebanwa kidogo, tuko na marafiki. Si utume na boda?"

Pai na boda? Nikaifunga na leso, nikaipeleka mwenyewe. Askari wa gate akapiga simu ndani. Nilikuwa namsikia Wafula akicheka kwa garden, hicho kicheko nakijua hata nikiwa usingizini. Askari akaweka simu chini, akaangalia viatu vyangu.

"Madam, amesema uniachie."

Nikamwachia.

Baadaye message: "Thanks sis, was nice!" Nice ni neno la mtu ambaye hajaonja.

Siku ya ndege, mtu wa boda akaniletea sahani. Imeoshwa, inang'aa. Tupu.

Kwa wale hamjatoka kwetu: chombo cha mtu hakirudishwi tupu. Huna kitu? Weka viazi viwili. Huna viazi? Weka chumvi ya kiganja. Mimi na Wafula ndio tulikuwa tunatumwa na hizo sahani kwa majirani, kwa hivyo anajua. Ama alisahau. Sijui ni gani mbaya zaidi.

Mama, niliyekuwa nimemwambia pai imeenda na sahani yake, akapiga hata sijaiweka kwa rack.

"Alikula?"

"Alikula, Mama."

"Na sahani alirudisha na nini?"

Nikaiangalia hapo mezani.

"Majani chai. Ya huko kwao."

"Unaona? Nilijua huyo hawezi kusahau kwao. Usiimalize. Niwekee, ukija Disemba tuonje."

Huo ndio uwongo niliowaahidi.

Funzo: unga wa pai usiukande, na malenge choma, usichemshe. Kwa hayo mengine bado natafuta funzo.

Kama kuna mtu anajua majani chai ya Amerika inauzwa wapi hapa Nairobi, aandike hapo chini. Wa kunicheka pia karibu. Lakini Wafula msimtukane, huyo ni mdogo wangu.