Drama ya Kikorea ya Chela

Enzi zetu hatukuwa na haraka, na sitaomba mtu msamaha kwa hilo. Binti yangu akinikuta nimetulia mbele ya drama ya Kikorea, zile za polepole ambapo mama anaosha kabichi bila kusema neno, ananiuliza, "Mum, sasa hapa nini kinaendelea?" Kabichi inaoshwa. Hicho ndicho kinaendelea. Yeye huangalia zake kwa simu, waya masikioni, na watu wakinyamaza kidogo anawarukisha.

Kama uliishi mtaa wa Section 58 mwaka wa elfu mbili na saba, unanielewa. Ploti yetu nzima, wapangaji wote, ilikuwa na TV moja, ya mama yangu, inchi kumi na nne, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Jumamosi saa kumi alasiri mama alikifunua mwenyewe. Chai ya maziwa imeiva, nduma za kuchemsha ziko kwa sahani, na kapeti hukanyagi kama hujaosha miguu. Halafu anaingia jirani yetu Mama Chela na binti yake Chela, rika langu, wa darasa la saba kama mimi, na kipindi kinaanza.

Ilikuwa hadithi ya Kikorea ya mjane muuza mboga na mama mkwe wake asiyeridhika na chochote. Hakuna bunduki, hakuna kukimbizana. Walikula, wakafagia, wakaangalia mvua. Maneno yalipita chini kwa Kiingereza, na Kiingereza mama zetu hawakukisoma, kwa hivyo Chela alitusomea kwa Kiswahili. Shida ni kwamba maneno yalikuwa na mbio, na Chela hakuwa mtu wa kukubali kushindwa. Yaliyompita, alijaza yake. "Mama mkwe anasema hii chai ni maji ya kuosha vikombe." Mama anacheka mpaka anashika mbavu. "Mjane anasema, sawa mama, lakini si kikombe umemaliza?" Mimi nilikuwa najua kusoma, nikaona anadanganya. Ningesema ya nini? Uongo wake ulikuwa mtamu kuliko kipindi chenyewe.

Kisha kura zikapigwa, na Januari ikaja na moshi wa nyumba zilizochomwa. Hata dukani watu walianza kuulizana majina kabla ya salamu, wajue wewe ni wa kabila gani. Sisi na kina Chela tulikuwa kabila tofauti, jambo ambalo hapo awali halikuwa na kazi yoyote nyumbani kwetu. Ijumaa moja asubuhi, mama akimenya waru, viazi vya chakula cha mchana, jamaa wa ploti ya nyuma akasimama mlangoni.

"Mathe, mambo imebadilika. Hao watu wako kesho wasionekane hapa."

Mama hata hakuinuka. "Boss, hii nyumba ni yangu. Mwenye anaingia najua mimi. Na toka kwa mlango, unaniziba mwanga."

Kesho yake mama alifungua mapazia yote ili barabara nzima ione, akanituma niwaite. Walikuja. Chela alisoma kwa sauti ya juu kuliko siku zote. Hatukucheka sana, lakini hakuna aliyetoka kabla ya kipindi kuisha.

Jumatatu lori likaja. Mama Chela alikuwa anapeleka watoto kwa ndugu zake kule Olenguruone. Mama alimsihi abaki, akamsihi tena. "Si wewe, Mama Shiru," Mama Chela akamwambia, amemshika mikono yote miwili. "Ni hawa watoto naogopea." Mama akamfungia waru kwa gunia, wapike wakifika. Chela, ameketi juu ya magodoro, alinipigia kelele lori likiondoka: "Shiru, imebaki sehemu moja tu! Msiangalie bila mimi!"

Jumamosi mama alipika chai kama kawaida. Stima ilikuwepo, taa inawaka. Saa kumi ikafika, na TV ikabaki imefunikwa.

"Mum, si tuangalie tu mwisho?"

"Nani atatusomea?"

"Mimi najua kusoma."

"Kusoma unajua," mama akasema. "Lakini ile ya Chela huijui. Unafikiri sikujua anaongeza?"

Tukakaa hapo saa nzima, vikombe mkononi, mpaka muda wa kipindi ukapita. Nililia, na mama aliniacha nilie.

Lori la kuwarudisha halikuja. Namba ya simu ya Mama Chela haikuingia tena, na nyumba yao ikapata wapangaji wengine.

Juzi binti yangu aliutafuta mwisho huo kwa simu, akaupata hata kabla sijamaliza kumsimulia. "Nikuwekee?" Nikamwambia azime. "Lakini Mum, ni drama tu." Ndiyo, ni drama tu. Nyinyi mnamaliza vipindi kumi kwa siku moja, kila mtu chumbani kwake, na jina la jirani hamlijui. Sisi tulikuwa na kimoja kwa wiki, na asiyekuwepo alijulikana.

Mama amezeeka sasa, macho yamepungua nguvu, na bado hataki kuambiwa mjane aliishia wapi. Mimi pia sitaki. Chela, popote ulipo, hatujaangalia.